Jina Moja, Milango Miwili

Mtu wa redio alisimama katikati ya njia, baina ya nyumba mbili, asijue agonge wapi kwanza. Mkunga alimwona kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa akimenya viazi, na mwanzoni alidhani yule mtu amedondosha kitu, maana alitazama mlango huu, akageuka akatazama mlango wa Mwokaji upande wa pili, kisha akainama kama anayefunga kamba za viatu, ilhali mabuti yake ya mpira hayakuwa na kamba. Alipoinuka alivua kofia. Hapo Mkunga akakiweka kisu chini.

Alitoka mikono ikimchuruzika maji. Mwokaji naye alikuwa ameshafungua mlango wake, unga umemjaa hadi viwikoni. Mtu wa redio akabaki kati yao, anaikunjakunja ile kofia, akawaambia wote wawili kwa mpigo mmoja, macho yake yakiwa kwenye mawe ya njia, kwamba hospitali ya bara imeleta ujumbe. Akalitaja jina la mgonjwa aliyefariki Jumamosi.

"Yupi?" Mkunga aliuliza.

"Hawakusema yupi. Wamesema jina tu."

Wanawake wale wawili wakatazamana. Ilikuwa miaka mingi hawajatazamana vile, usoni, bila mmoja kuwahi kugeuza shingo.

Kisiwa chao kilikuwa mlima mmoja tu uliochomoza katikati ya bahari, mbali na kila kitu. Pande zote ni majabali yanayotumbukia majini wima kama ukuta. Upande mmoja peke yake ndio ulioachiwa kipande cha ardhi tambarare, na hapo ndipo kijiji kilipobanana, nyumba fupi fupi za mawe, mapaa yamefungwa kwa nyaya yasije yakachukuliwa na upepo. Ukitoka kijijini unafuata njia nyembamba ukingoni mwa jabali mpaka mashamba ya viazi, kila familia na kipande chake kilichozungushiwa ukuta wa mawe. Bandari haikuwapo. Meli ilikuja mara chache kwa mwaka, ikatia nanga mbali, na mashua za kijiji zikaenda kupambana na mawimbi kuileta mizigo. Bahari ikikasirika, meli iligeuza na mizigo yake ikaenda zake, watu wakabaki ufukweni wakiiaga kwa macho.

Wa kwanza kukaa pale walikuwa askari waliopelekwa kulinda kisiwa ambacho hakuna aliyekitaka. Serikali yao ilipochoka ikawarudisha, isipokuwa mmoja aliyeomba kubaki na mkewe. Baadaye wakaongezeka mabaharia waliotupwa na meli zilizovunjika kwenye miamba, na wanawake walioletwa kutoka kisiwa kingine kuja kuolewa na wanaume ambao hawajawahi kuwaona. Watu wote waliokuwapo sasa walitokana na hao, na majina ya koo yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Jina la yule askari ndilo lililotunzwa kuliko yote. Kila kizazi lazima awepo wa kulibeba.

Basi Bibi, mzee kuliko wote kijijini, alikuwa na wana wawili, na wana hao walipata watoto wa kiume katika msimu mmoja wa baridi. Kila mmoja alilitaka jina kwa mwanawe. Walibishana mpaka wakaacha kusalimiana, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa, watoto wote wawili wakaandikwa jina lile lile zima la askari, la kwanza hadi la mwisho. Kisiwani haikumsumbua mtu. Mmoja alikua akawa Seremala, akaitwa hivyo. Mwingine alikuwa mzito wa kusema tangu utotoni, wakamwita Kimya. Jina lenyewe lilikaa kwenye makaratasi, likisubiri safari, na safari yao ya hospitali ya bara wakaja kuifunga pamoja. Seremala alikuwa na moyo mbovu. Alikuwa hafiki tena shambani bila kukaa chini njiani. Kimya alikuwa amemfuata kondoo mwambani, akateleza, akavunjika nyonga. Walilazwa ubavu kwa ubavu ndani ya mashua moja, Seremala akilalamikia maji yanayomrukia, Kimya akitazama mbingu. Wake zao, Mkunga wa Seremala na Mwokaji wa Kimya, waliwasindikiza ufukweni kila mmoja na kona yake, kwa sababu mashamba yao yalipakana, na ukuta wa katikati ulikuwa umewafarakanisha kitambo.

*

Mkuu wa kisiwa aliagiza upelekwe ujumbe wa redio wa kuuliza. Jibu lilikuja kesho yake, na mtu wa redio alikuja kuwasomea wote wawili nyumbani kwa mkuu ili asisimame tena njiani. Hospitali ilisema kwamba katika kumbukumbu zake mgonjwa wa jina hilo kutoka kisiwa hicho ni mmoja tu, na huyo ndiye aliyefariki.

"Mmoja vipi?" Mwokaji akauliza. "Si walikwenda wawili?"

Mtu wa redio akaeleza kwamba hilo ndilo alilowaambia. Karani wa kule alikuwa amemjibu kwa ukali, akamwambia haiwezekani watu wawili wa kijiji kimoja wakawa na jina moja la kwanza, la kati na la mwisho, na kwamba wao wa visiwani wawe makini wanapoandikisha watu wao. Alipojaribu kueleza habari za askari wa kwanza, karani alikata mawasiliano. Mtu wa redio alisimulia hayo kama aliyetukanwa yeye.

Mkunga alijaribu kuyapanga kichwani. Kama mgonjwa ni mmoja na amekufa, je, huyo wa pili yuko wapi? Hakupokelewa? Wamemtoa nje? Au wamekufa wote wawili na kwa karani ni kifo kimoja? Kila alipokishika kipande hiki, kile kikamponyoka. Alitaka kuuliza jambo la maana, lakini lililomtoka kinywani lilikuwa swali kwamba Jumamosi waliyoitaja ni Jumamosi ipi.

Ujumbe wa tatu haukwenda. Upepo ulivuma ukaung'oa mlingoti wa redio, ukauangusha juu ya paa la kibanda, na vifaa vya kutengenezea vilikuwa vya kuja na meli. Meli yenyewe ilitazamiwa mwisho wa mavuno ya viazi. Mkuu wa kisiwa akawakusanya watu akawaambia wasubiri. Asilie mtu, asivae mtu nguo za msiba, mpaka meli ije. Watu wakaitikia, wakatawanyika, na kabla hawajafika makwao kila mtu alikuwa ameshaamua moyoni kwamba aliyekufa ni Seremala.

Ilikuwa rahisi kuamua. Moyo unaua, nyonga haiui. Hakuna aliyelisema hilo mbele ya Mkunga, ila aliliona kila alikopita. Alipoingia dukani mazungumzo yalikatika. Wanawake waliozoea kumtania walimwongelesha kwa sauti ya taratibu, ile ya kuongea na mgonjwa. Jirani mmoja, mtu mwema asiye na neno na mtu, alikuja kuuliza hali, akanywa chai, akazungukazunguka maneno, mwisho akasema kwamba paa la zizi lake limelegea, na kama msumeno mkubwa wa Seremala hauna kazi kwa sasa, basi angeomba.

"Una kazi," Mkunga alimjibu. "Mwenyewe akirudi."

Jirani akasema bila shaka, bila shaka, akaondoka akiufunga mlango polepole kama chumbani kuna mtoto amelala. Mkunga akaenda karakana, akausugua ule msumeno kwa mafuta mpaka ukang'aa, ingawa haukuwa na kutu hata chembe.

Bibi peke yake ndiye aliyekataa amri ya mkuu. Aliishi na Mkunga, katika chumba cha nyuma kilichopata joto la jiko, na macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Tangu siku ya ujumbe wa kwanza alikuwa amevaa nguo yake nyeusi, amekaa kitandani, analia kwa sauti ndogo isiyokatika. Mkunga alimbembeleza, akamwambia wasubiri, huenda si Seremala.

"Nyie mnasubiri," Bibi alisema. "Mimi wote wawili ni wajukuu wangu. Nishafiwa mimi. Mnataka nisubiri nini?"

Mkunga akakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza akamwonea wivu mtu mwenye msiba wa uhakika. Yeye akijaribu kulia, machozi yalikataa, akihofia kumchuria mumewe. Akijaribu kutumaini, hapo hapo akakumbuka tumaini lake ni nini hasa: kwamba mlango wa pili ndio wenye kifo. Alikuwa akiomba Mungu, akafika katikati ya ombi akanyamaza, maana halikuwa na namna ya kumalizika vizuri.

*

Asubuhi ya tatu tangu amri ya mkuu, Mkunga akakuta mkate mlangoni, wa moto, umefungwa kwa kitambaa. Mkate wa kisiwa chote ulitoka tanuri moja, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza ni wa nani. Akasimama nao mikononi. Ni mkate wa kupatana, au wa kumpa pole? Mwokaji naye ameshaamua kama wengine? Hasira zikampanda, akataka kuvuka njia aurudishe. Binti yake akautoa mikononi mwake akaukata, kwa sababu alikuwa na njaa, na jambo likaishia hapo. Mkate ukaja kesho yake pia, na keshokutwa.

Katikati ya wiki hizo mke wa mvuvi wa kambakoche akashikwa na uchungu, Mkunga akaitwa. Akafurahi karibu kuimba. Kazi aliijua, mtoto alijulikana anakotoka na anakokwenda. Alizaliwa mvulana mwenye sauti kali, Mkunga akamsafisha, akamfunga kwenye blanketi, akamkabidhi kwa nyanya yake. Nyanya akamtazama mtoto, akasema kwa upole kwamba wameshauriana, na kwa kuwa jina limebaki wazi, wangependa kumpa jina la marehemu.

"Marehemu yupi?" Mkunga akauliza.

Mama wa mtoto akageukia ukutani. Nyanya akaanza kusema kwamba hawakuwa na nia mbaya, kwamba ni heshima, kwamba kwa vyovyote jina ni lile lile. Mkunga akakusanya vifaa vyake, akawaagiza wamlaze mtoto ubavu, akatoka. Nje aligundua kwamba amebeba na taulo la watu. Hakurudi kulirudisha. Akatembea tu, akashika njia ya mashambani, amelikumbatia taulo lililolowa.

Shambani alimkuta Mwokaji anachimba viazi. Alikuwa peke yake, na alikuwa amevuka ukuta. Alikuwa upande wa Mkunga, ameshamaliza mistari kadhaa na kuvijaza kwenye magunia ya Mkunga mwenyewe.

"Vingeoza," Mwokaji akasema kabla hajaulizwa. "Mvua inakuja, na wewe una mgonjwa wa kumzalisha. Vyangu nimemaliza."

Mkunga akasimama. Huyu ndiye aliyemshitaki kwa mkuu kwamba amesogeza mawe. Kwa kweli mawe yalisogea; alijua, maana Seremala ndiye aliyeyasogeza mwaka ule ukuta ulipobomoka, akisema nduguye hana habari na kipande kile. Akaweka taulo juu ya ukuta, akachukua jembe la pili. Wakachimba hadi mwisho wa mstari.

"Unanionea huruma," Mkunga akasema hatimaye.

Mwokaji akainuka, akajishika kiuno. "Ndiyo," akasema. "Sasa nikudanganye? Nakuhurumia, dada. Usingizi sipati. Nikikuona unapita dirishani najiambia, mtazame mwenzako, hajui bado."

"Na wewe unajua?"

"Wangu nyonga tu. Kutembea anaweza asitembee sawa, lakini atarudi." Alisema kwa utulivu wa mtu anayetaja bei ya unga. Halafu sauti ikapungua. "Siku nyingine lakini nasahau kwa nini nina hakika. Nasimama mbele ya tanuri nautafuta ule uhakika, siuoni, mpaka mtu apite aniambie tena kwamba wangu ni mzima."

Mkunga akataka kusema neno la kumtuliza, akaona kila neno la kumtuliza mwenzake ni la kumwua mumewe. Akasema viazi vya mwaka huu vidogo. Mwokaji akakubali kwamba ni vidogo. Wakabeba magunia pamoja, wakarudi kijijini mvua ikiwapiga migongoni.

*

Meli ilionekana asubuhi yenye ukungu, na bahari, kwa bahati, ilikuwa imelala. Kijiji chote kikashuka ufukweni. Mashua mbili zikaenda. Mkunga alisimama na Mwokaji, bega kwa bega, na watu wakawaachia nafasi pande zote kama waliobeba kitu cha moto. Bibi aligoma kushuka. Alisema wataoneshana nini na macho yenyewe hayaoni.

Mashua ya kwanza ilileta mlingoti mpya na magunia ya unga. Ya pili ilikuwa na mtu amekaa katikati, amejifunika koti la mvua kubwa kuliko mwili wake, kofia ya koti imemfika puani. Alikaa bila kusema, bila kutikisika. Mkunga akamwona amekaa kimya hivyo, akajua. Seremala hajawahi kukaa kwenye mashua bila kulalamika. Akaanza kukaa chini palepale kwenye kokoto. Mwokaji akamdaka, akamshika kiunoni, akamwambia sikioni, "Jikaze, dada, nipo, jikaze." Alisema hivyo kwa huruma au kwa furaha au kwa vyote viwili.

Mashua ikapanda kokoto. Wanaume wakamshusha yule mtu, akasimama kwa miguu yake yote miwili, akatembea. Hakuchechemea.

Mkunga aliliona jambo hilo na hakulielewa. Aliangalia ile miguu ikija, mmoja baada ya mwingine, sawasawa, na kichwa chake kikawa kitupu. Mikono iliyomshika kiunoni ikalegea kabla hajajua ni kwa nini inalegea. Yule mtu akaifunua kofia ya koti. Alikuwa Seremala, amekonda, ndevu zimeota mvi, uso umesawijika. Akampita mkewe bila kumgusa, macho yao yakakutana tu mara moja, akaenda kusimama mbele ya Mwokaji.

"Shemeji," akasema. "Nilikuwa naye. Hakuwa peke yake."

Mwokaji akamtazama kama anayezungumza na mtu mwingine aliye nyuma yake. Akageuka kumwangalia Mkunga, na usoni mwake ilikuwapo bado ile huruma ya wiki zote zile, haijapata pa kwenda.

"Lakini wangu ni nyonga," akasema.

*

Walikwenda nyumbani kwa Mwokaji, wao watatu, kwa sababu hakuna aliyejua kwingine pa kwenda. Seremala alisimulia akiwa amekaa ukingoni mwa kiti. Nyonga iliungwa vizuri. Kimya alikuwa ameshaanza kukalishwa, akila, siku moja hata akacheka. Kisha damu iliganda mguuni ikapanda kifuani, na kabla muuguzi hajafika alikuwa ameshakata roho. Aliyetazamiwa kufa ni yeye Seremala, kitanda cha jirani, na ndiye aliyemshika mkono mwenzake.

Habari za karani naye alizijua. Kadi mbili zenye jina moja walizifanya moja, wakidhani kuna aliyekosea kuandika mara mbili. Siku nzima walimnyima chakula yeye wakitaka kumpasua nyonga. Kimya akapewa dawa za moyo, mpaka Seremala alipopiga kelele. Kimya alipokufa, jalada la jina lao likafungwa, na yeye akabaki kitandani hana kadi. Wauguzi wakimpita wakamwuliza anamsubiri nani. Alipoomba kupeleka ujumbe akaambiwa kisiwa hakisikiki. Wamemzika mwenzake kule kule. Yeye alisimama kaburini amevaa koti la kuazimwa, akiwa ndiye mtu pekee anayemjua maiti, na walipolitaja jina la marehemu aliitika bila kukusudia.

Mwokaji alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Hakulia. Aliuliza kama palikuwa na mvua siku hiyo, Seremala akasema hapana, palikuwa na jua. Aliuliza kama Kimya alisema chochote, Seremala akafikiri kwa uaminifu, akasema hapana, alibana mkono tu.

"Alikuwa anabana hivyo," Mwokaji akasema.

Seremala akainuka. Alisema anakwenda kwa Bibi, lazima Bibi ajue ni yupi. Alipofika mlangoni akamtazama mkewe, akingoja. Mkunga hakuinuka. Alimtaka mno, alitaka kumshika lile koti, kumvua, kumwosha, kumlaza, kusikiliza ule moyo mbovu kwa sikio lake. Akamwambia tangulia. Sauti yake mwenyewe aliisikia kavu, kama anamfukuza. Seremala akaitikia kwa kichwa, akavuka njia.

Wanawake wakabaki wawili. Tanuri ilikuwa imezimwa tangu asubuhi na chumba kilishaanza kupoa. Mkunga alikuwa na maneno aliyoyaandaa siku zote zile, ya mtu kumwambia mfiwa, maana alijitayarisha kuambiwa yeye. Sasa akayatafuta ayatoe, hakuliona hata moja. Akafungua kinywa kusema pole. Kilichotoka kilikuwa kilio. Kilimtoka kutoka chini kabisa, kwikwi kubwa kubwa zisizokuwa na adabu, machozi yaliyokataa wiki zote zile yakaja yote, na hakuweza kusema kama analia kwa Kimya, au kwa Seremala ambaye alikuwa ameshamzika moyoni, au kwa kuwa amefurahi na hana pa kuificha furaha yake. Alijaribu kujizuia, akauma kiganja, ikazidi. Mwokaji akamsogelea, akamvuta kichwa akakilaza begani kwake, akaanza kumpigapiga mgongo taratibu, kama abembelezavyo mtu mtoto, macho yake makavu yakitazama ukutani.

Ndivyo majirani walivyowakuta. Walikuja wengi pamoja, mkuu wa kisiwa mbele, mtu wa redio na kofia yake mkononi, yule jirani wa msumeno nyuma yao, nyuso zimeshaandaliwa. Wakafungua mlango wakamwona mwenye mume analia na mjane anambembeleza, wakasimama hapo hapo kizingitini, kila mmoja akingoja mwingine atangulie, kwa sababu hawakujua pole waanze kumpa nani.

"Ingieni," Mwokaji akawaambia, mkono wake haujaacha kupigapiga. "Mnaingiza baridi."